Silaha ya ulinzi nyumbani: ikae tayari karibu na kitanda, au ifungiwe?

#1 Zamu_ya_Usiku
Wakuu, salaam.

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni ule ule: silaha ikae tupu, ifungiwe, na risasi zifungiwe mahali pengine. Kwa bunduki ya kuwindia au ya shabaha sina ubishi. Lakini mtu anayemiliki bastola kihalali kwa ajili ya kulinda nyumba, akiamshwa saa nane usiku na kishindo cha mlango, aanze kutafuta funguo mbili gizani, ajaze magazini (kikasha cha risasi), apachike, akoki? Atakuwa amechelewa.

Dai langu: silaha ya ulinzi ikae na risasi, mahali mkono unapofika, na wanaoishi humo wafundishwe kutoigusa. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2008, kwenye kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, ilifuta sharti la kwamba silaha nyumbani iwe tupu na iliyofunguliwa vipande au iliyofungwa kufuli la triga (kifyatulio).

Nina maswali mawili pia. Risasi iwe chemba (tundu la nyuma ya mtutu, inapokaa tayari kufyatuliwa) au chemba iwe tupu? Na magazini ikikaa imejaa muda mrefu, springi haifi?

#2 Fundi_Slaidi
Nianze na springi maana ndiyo rahisi. Springi ya magazini haichoki kwa kukandamizwa na kuachwa hivyo. Inachoka kwa kukandamizwa na kuachiwa mara nyingi, yaani kupiga na kujaza, kupiga na kujaza. Kama ni chuma kizuri na haijabanwa kupita kiwango chake, itakaa miaka imejaa na bado ifanye kazi. Zinazohitaji uangalifu ni magazini fupi za safu mbili, ambazo springi hubanwa mpaka pingili karibu zigusane. Hizo punguza risasi moja. Faida ya pili ya kupunguza moja: magazini iliyojaa pomoni hugoma kukaa wakati slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) imefungwa. Unadhani imeshika kumbe bado. Ukifyatua, risasi ya chemba inatoka, ya pili haipandi.

Kuhusu chemba. Bastola nyingi za kisasa zisizo na nyundo ya nje zina kizuizi cha pini (ile inayogonga risasi) ambacho hakiachii mpaka triga ivutwe. Glock ina vizuizi vitatu vya namna hiyo, vyote vya ndani au kwenye triga yenyewe. Ikianguka haitakiwi kulipuka. Kinacholipua ni kitu kilichoingia kwenye triga: kidole, kamba ya jaketi, ncha ya shuka. Kwa hiyo bastola yenye risasi chemba ambayo haina holsta (ala) ngumu ya kufunika triga, imelala tu kwenye droo na vitu vingine, ni hatari hata kwenye nyumba ya mtu mmoja.

#3 Mama_Wanne
> wafundishwe kutoigusa

Hapo mkuu ndipo hoja yako inapovuja. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti Marekani ambapo wazazi wenye silaha na watoto wao waliulizwa kila mmoja peke yake. Kati ya wazazi waliosema mtoto hajui silaha inakaa wapi, 39% walipingwa na majibu ya mtoto mwenyewe. Kati ya waliosema mtoto hajawahi kuishika, 22% walipingwa. Wazazi hao hawakuwa wakidanganya. Waliamini.

Kufundisha kufundishwe, lakini mafundisho si kufuli. Na ukiwaza watoto, usiwawaze wa kwako tu. Wapo wanaokuja kucheza na wapo wa wageni waliolala, ambao hawajafundishwa chochote.

#4 Rivolva38
Ndiyo maana sichoki kuitetea rivolva (bastola ya silinda inayozunguka). Triga yake ikivutwa bila kukoki nyundo inataka nguvu ya kilo 4.5 hadi 5.5. Hakuna magazini ya kukaa vibaya, hakuna sefti (kitufe cha usalama) ya kusahau. Mtoto mdogo haiwezi.

#5 Mama_Wanne
Anaiweza. Utafiti wa 1995 ulipima nguvu za vidole vya watoto, kisha ukazilinganisha na triga za bastola 64 zilizokuwa sokoni. Robo ya watoto wa miaka 3 hadi 4 wangeweza kufyatua angalau 59 kati ya hizo. Wa miaka 5 hadi 6 walikuwa 70%, wa 7 hadi 8 walikuwa 90%. Mtoto hashiki kama mtu mzima, mkuu. Anaigeuza mdomo ukimwelekea yeye na kusukuma triga kwa vidole vya mikono miwili. Na rivolva yenye nyundo ya nje akiivuta nyundo kwanza, ule uzito wa triga unashuka sana.

#6 Fundi_Slaidi
Naongezea kwa wenye rivolva za kizamani za kukoki kwa kidole gumba. Nyingi hazina kipande cha kuhamisha pigo kati ya nyundo na pini. Nyundo ikiwa imelala juu ya risasi, kuanguka tu kunatosha kuilipua. Hizo hujazwa tano badala ya sita, na nyundo hulala kwenye tundu tupu. Ruger walianza kuweka kipande hicho kwenye rivolva zao za aina hiyo mwaka 1973. Kwa hiyo usiseme "rivolva ni salama" bila kujua ni ipi.

#7 Takwimu_Tupu
Mleta uzi ameweka njia mbili tu, tayari au imefungiwa. Ushahidi hauko hivyo. Utafiti mkubwa uliotoka kwenye jarida la JAMA mwaka 2005 ulilinganisha nyumba ambamo kijana wa chini ya miaka 20 alijipiga risasi au kupigwa kwa ajali, na nyumba nyingine zenye silaha ambazo hazikupata tukio. Mambo manne yalipimwa kila moja kivyake: silaha kufungiwa, silaha kuwa tupu, risasi kufungiwa, risasi kukaa mbali na silaha. Uwiano wa hatari (chini ya 1 maana yake hatari ni ndogo zaidi) ulikuwa 0.27 kwa silaha iliyofungiwa, 0.30 kwa iliyo tupu, 0.39 kwa risasi zilizofungiwa na 0.45 kwa zilizotengwa.

Nasoma hivi: kila hatua ina uzito wake, na kufuli ndilo lililoonyesha tofauti kubwa kuliko zote. Anayeshindwa kuishi na silaha tupu asitupe vyote vinne. Aifungie ikiwa na risasi kwenye kasiki (sanduku la chuma lenye kufuli) inayofunguka haraka, atabaki na sehemu kubwa ya faida.

#8 Zamu_ya_Usiku
Asante Takwimu_Tupu, hilo la hatua nne, kila moja na uzito wake, sikuwa nimelifikiria. Ila takwimu za eneo hili naziogopa. Kuna ile ya 1993 kwamba silaha ya nyumbani inaua mara 43 wenye nyumba kuliko mwizi. Ile ilipigwa sana.

#9 Takwimu_Tupu
Umeunganisha mbili. Ya 43 ni ya 1986. Ilihesabu vifo vya kujiua, mauaji na ajali kwa kila kifo kimoja cha kujilinda ndani ya nyumba yenye silaha, na katika hao 43, 37 walikuwa wamejiua. Ya 1993 ni nyingine, ilikuta hatari ya mauaji nyumbani ikiwa mara 2.7 penye silaha.

Ukosoaji wa msingi ni wa kweli: kuhesabu maiti tu kunaacha nje mwizi aliyekimbia alipoona silaha. Lakini ukifika huko unakutana na makadirio yanayopishana vibaya. Utafiti wa simu uliochapishwa 1995 ulikadiria matumizi ya kujilinda takriban milioni 2.5 kwa mwaka Marekani, wakati uchunguzi wa serikali yao kuhusu waathirika wa uhalifu unatoa hesabu ya makumi ya maelfu. Atakayekuambia jambo hili limeshapimwa likaisha, muulize anatumia ipi.

#10 Mzee_Marisaa
Vijana mmezama kwenye bastola. Bunduki ya marisaa ya pampu inamaliza ubishi huu. Weka risasi kwenye bomba la chini, chemba tupu. Mtoto akivuta triga hakuna kitu. Wewe ukiamka unavuta pampu (kishikio cha chini ya mtutu) mara moja, tayari.

#11 Fundi_Slaidi
Mzee, shikamoo. Nakubali mpangilio, ila "unavuta mara moja" ina sharti. Kama nyundo ya ndani imeshakokiwa, pampu imejifunga. Utavuta, haisogei, na gizani utadhani imeharibika. Hapo lazima ubonyeze kitufe cha kuachilia pampu. Kwenye Remington 870 kiko mbele ya kingo ya triga, kwenye Mossberg 500 kiko nyuma yake.

Mpangilio unaotakiwa, kwa utaratibu huu: elekeza mtutu mahali salama. Fungua pampu, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba na bomba ni tupu. Funga pampu. Vuta triga kwenye chemba tupu ili nyundo ilale. Ndipo ujaze bomba kutokea chini. Sasa pampu itavutika bila kugusa kitufe. Mambo mawili huharibika: mtu huvuta nusu badala ya kurudisha pampu mpaka mwisho, risasi inakwama njiani, na maganda ya plastiki yakikaa miaka chini ya springi ya bomba huvimba au kubonyea, yakagoma kuingia chemba. Zizungushe.

Na kwa nini chemba tupu? Kwa sababu sefti ya bunduki nyingi za pampu inazuia triga tu. Haizuii pini. Ikianguka na risasi chemba, sefti haikusaidii.

#12 Mama_Wanne
Halafu mtoto anayeona sinema anajua kuvuta pampu. Chemba tupu inaongeza hatua moja tu kwa mwenye miaka kumi. Kufuli bado.

#13 Kasiki_Ndogo
Tuongee kasiki basi, maana nusu ya bidhaa zilizopo ni mabati yenye rangi.

Alama ya kidole: kidole kikavu mno, chenye maji, chenye jasho au kilichokatika hukataliwa. Sajili kidole kile kile mara kadhaa kwa pembe tofauti, na usajili cha mkono wa pili. La hatari zaidi ni kasiki kufungukia kidole chochote. Oktoba 2023 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza kurudishwa kwa kasiki takriban 61,000 za aina moja, kwa sababu mtu asiyesajiliwa aliweza kuzifungua. Taarifa hiyo ilitaja kesi ya kifo cha mtoto wa miaka 12. Ukimaliza kusajili, mpe kila aliyemo ndani ajaribu kidole chake, kasiki ikiwa tupu. Rudia kila ukibadilisha betri.

Vitufe vya umeme: betri za alkali huvuja, badilisha kila mwaka hata kama taa bado ni ya kijani. Za bei ya chini hufungwa na kipini kinachovutwa na koili, na baadhi huachia zikigongwa wakati kitasa kinageuzwa. Jaribu kabla hujaiamini.

Vitufe vya chuma bila umeme: ndiyo ninayopendekeza. Haina betri na unaifungua kwa kupapasa. Udhaifu wake ni michanganyiko michache, elfu moja na kidogo kwa zile za vitufe vitano. Mtu mwenye subira ya siku kadhaa ataipata, kwa hiyo mtoto asiachwe nayo peke yake mchana kutwa. Na ubadilishe namba ya kiwandani siku ile ile.

Kisha ifunge. Kasiki ya bastola isiyopigwa boliti inabebwa mkononi na kuvunjwiwa mbali. Boliti zipite kutokea ndani, nne, kwenye mbao nene au zege. Waya wa kuzungushia mguu wa kitanda unachelewesha tu. Ufunguo wa dharura usikae kwenye chumba hicho, na juu ya kabati si mahali pa siri. Mama_Wanne ameshatoa namba hapo #3.

#14 Nusu_Sekunde
Nina msimamo tofauti na wote. Silaha iwe mwilini kwenye holsta au iwe imefungiwa, basi. Hakuna hali ya tatu. Droo, chini ya mto, juu ya friji, nyuma ya pazia, hizo zote ni silaha isiyo na mtu. Ukiwa macho ipo kiunoni na iko karibu kuliko kasiki yoyote. Ukilala inaingia kwenye kasiki ya vitufe kando ya kitanda, ndani ya holsta ile ile, mpini ukiutazama mkono. Ukipeleka mkono gizani unashika mpini, kidole hakikuti triga.

#15 Fundi_Slaidi
Naunga mkono la holsta ndani ya kasiki. Ila angalia kinachotokea kwa watu wanaojaza na kutoa kila asubuhi na jioni.

Kwanza, kila kushika ni nafasi ya kufyatua bila kukusudia. Kosa la kawaida ni kuvuta slaidi kabla ya kutoa magazini: ya zamani inaruka nje, mpya inapanda, mtu anaamini ni tupu. Magazini kwanza, slaidi pili, jicho na kidole chemba, tatu. Na bastola nyingi hulipuka hata magazini ikiwa nje.

Pili, risasi ile ile ikipandishwa chemba mara nyingi, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda, na bastola inaweza kupasuka. Kaliba ya .40 S&W inasifika kwa hilo. Isimamishe kando ya mpya ya boksi lile lile juu ya kioo, au ipime kwa kalipa. Ikiwa fupi kwa kuona, usiipige. Tatu, kugongwa huko kunaweza kuchakaza kemikali ndani ya fataki (kile kidude cha kitako cha risasi kinachowasha baruti), risasi ikagoma siku unayoihitaji.

Kwa hiyo ukichagua chemba yenye risasi, iache hivyo ndani ya holsta na kasiki. Ingia toka iwe ya holsta nzima, si ya risasi.

#16 Nusu_Sekunde
Hapo umenisaidia. Holsta yenye klipu inatoka na bastola yake bila kuivua.

#17 Bawaba
Wote mnabishania sekunde tatu. Mimi nauliza kwa nini mna sekunde tatu tu. Fremu ya mlango wa mbao mara nyingi imeshikwa kwa skrubu fupi, teke moja linatosha. Badilisha zile za bati la kitasa na za bawaba, weka za milimita 75 zinazofika kwenye nguzo ya ukuta. Mlango wa chumba cha kulala uwe mzima, si wa karatasi ndani, na uwe na komeo. King'ora kwenye dirisha la mbele. Mkipata dakika nzima, kasiki kubwa ya kabatini inatosha na hoja ya "karibu na mto" inakufa. Watoto wakusanyeni upande wenu wa komeo kwanza, simu ya polisi ipigwe, silaha ielekee mlangoni.

#18 Rivolva38
Bawaba kila uzi unarudi kwenye skrubu! Lakini leo sina la kukupinga. Niongeze kuta: marisaa ya 00 (saizi ya punje kubwa) ina punje tisa hivi za milimita 8.4 kila moja, zinapita bodi za jasi mbili tatu bila shida, na risasi za bastola vivyo hivyo. Jua nyuma ya ukuta kuna nani kabla ya kuchagua pa kusimama.

#19 Nesi_Zamu
Mmetaja kujiua kwa namba tu (#9), naomba tukae hapo kidogo. Uzi mzima unamuwaza mwizi na mtoto. Anayekufa zaidi kwa silaha ya nyumbani ni mtu mzima mwenye ufunguo.

Anayejaribu kujiua kwa silaha hufariki karibu mara tisa kati ya kumi, tofauti kabisa na njia nyingine nyingi. Na wazo hilo linaweza kuwa la muda mfupi sana. Kwenye utafiti wa 2001 wa vijana wa miaka 13 hadi 34 waliokaribia kufa, karibu robo walisema kati ya kuamua na kutenda hazikufika dakika tano. Kasiki ya haraka haimzuii anayejua namba. Kwa hiyo nyumba ikiwa na mtu aliyefiwa, aliyeachwa, mwenye sonona au anayelewa sana, kanuni inabadilika. Badilisha namba, au silaha itoke kwa muda, ihifadhiwe panaporuhusiwa kisheria. Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Muulizeni.

#20 Zamu_ya_Usiku
Asanteni. La droo nimeliacha, hoja za #2 na #14 zinatosha. La chemba bado naona mna kambi mbili. Swali dogo: holsta ya ngozi inafaa kukaa na bastola humo kwenye kasiki moja kwa moja?

#21 Kasiki_Ndogo
Hapana. Ngozi hunyonya unyevu na ina mabaki ya kemikali za kuitengenezea, chuma kitapata kutu pale inapogusa. Tumia ya plastiki ngumu. Weka pakiti ya silika na uibadilishe au uikaushe ikishiba, unyevu ukae 40 hadi 50%. Mafuta yawe utando tu. Yakichuruzika mpaka kwenye fataki yanaweza kuua risasi.

Na kwa hoja yako ya #1 kuhusu Heller: hiyo ni Marekani. Ujerumani tangu Julai 2017 kasiki mpya ya silaha lazima iwe angalau daraja 0 la EN 1143-1, kiwango cha Ulaya cha uimara wa kasiki. Kila mtu asome sharti la kibali chake kabla ya kufuata uzi huu.

#22 Chemba_Tupu
Nimesoma kimya mpaka hapa. Kwa bastola bado nasema chemba iwe tupu hata ndani ya kasiki. Mtu aliyeamshwa ghafla anapapasa vitufe na mikono inatetemeka. Kuvuta slaidi ni tendo la makusudi linalompa akili nafasi ya kurudi.

#23 Nusu_Sekunde
Na mkono mmoja ukiwa umembeba mtoto? Slaidi inataka miwili. Au umeshika tochi. Na mikono hiyo hiyo inayotetemeka ndiyo inayovuta nusu na kukwamisha risasi.

#24 Chemba_Tupu
Mkono mmoja inawezekana, unaning'iniza saiti ya nyuma (kilengeo cha juu ya slaidi) kwenye mkanda au kisigino cha kiatu na kusukuma chini. Inahitaji mazoezi, na saiti yenye ukingo wa mbele uliosimama. Ya mteremko inateleza.

#25 Nusu_Sekunde
Saa nane usiku hakuna mkanda wala kiatu, mkuu.

#26 Mzee_Marisaa
Marahaba Fundi kwa #11, nimeirekebisha orodha yangu. Ila sefti kwenye ile pampu yenye chemba tupu, uliiruka. Mimi naiacha wazi. Chemba ni tupu, kuna haja gani ya kuibonyeza?

#27 Fundi_Slaidi
Mzee, mimi naifunga. Ukivuta pampu kwa hofu risasi inapanda chemba na kuanzia hapo kizuizi pekee ni kidole chako. Wenye hoja yako wanasema kitufe kinasahaulika, na kwenye kitufe cha kusukuma pembeni ni kweli, hasa kwa anayetumia mkono wa kushoto. Kwenye sefti ya juu ya mgongo kidole gumba kinaikuta chenyewe, labda mpini uwe wa bastola. Tuambie yako ni ipi.